Botoksi kabla ya shughuli, naombeni ushauri

MamaLulu_Mld
Asalam aleikum wenzangu. Nawauliza wenye ujuzi na hizi sindano za mikunjo. Nina mistari kwenye paji na hapa katikati ya nyusi, hata nikiwa nimetulia zangu watu waniuliza nani kaniudhi. Nimepata mtu hapa hapa Malindi wa kunipiga botoksi lakini dadangu mkubwa amenitisha, asema ile ni sumu itapanda kwa ubongo na tena ukianza huwachi, siku ukiacha uso waporomoka kuliko ulivokuwa. Ni kweli? Nijibuni upesi maana silali. Matusi sitaki.

Kadzo_wa_Muyeye
Shoga mistari ya hapo kati ya nyusi ni mume. Mwache kwanza mwezi mmoja tuone 😂

Ustadh_Barani
Kubadilisha umbile la Mola si jambo dogo dadangu. Bibi zetu walizeeka na liwa na mafuta ya nazi, na heshima zao zilikuwa hapo hapo.

Kadzo_wa_Muyeye
Ustadh nyanyangu kajipaka liwa umri wake wote na mikunjo alikuwa nayo ya kuhesabu mpaka alfajiri. Na hizo ndevu zako nyekundu ndo umbile?

Ustadh_Barani
Hina ni sunna. Soma.

Nesi_Mstaafu
Tuacheni ndevu. Mama Lulu, sumu ni kweli, yatoka kwa bakteria wale wale wanaoua watu kwa chakula cha mkebe kilichoharibika. Lakini kinachotiwa usoni ni kidogo mno, na kazi yake ni kuuzuia mshipa wa fahamu usiuamrishe msuli, msuli ukalegea, ngozi ya juu yake ikatulia. Walioanza nayo ni madaktari wa macho, Marekani iliruhusiwa 1989 kwa makengeza na kope zinazojifumba zenyewe, ya mikunjo ikaja 2002. Na ukiacha huporomoki. Miezi mitatu minne nguvu yaisha, msuli waamka, unarudi ulivokuwa, ni vile ushazoea kujiona laini. Sasa nami nikuulize, huyo "mtu" ni daktari?

Mwana_Mambrui
Mimi nimefanya kazi kwa signora mmoja wa Kitaliano kule Casuarina, kila msimu akija paji limetulia tuli, hujui kama chakula kimempendeza au anataka kukufuta kazi mpaka afungue mdomo. Nikidhani uso umekufa ganzi, kumbe nzi akitua anamfukuza kabla hata mimi sijamwona. Akanieleza kinacholala ni msuli, kuhisi anahisi kama kawaida. Mtu mzuri yule, aliniachia friji.

Nesi_Mstaafu
Mama Lulu hujanijibu.

MamaLulu_Mld
Si daktari daktari. Ana saluni, na kozi amesomea Dubai, cheti kipo ukutani. Wengi amewafanya na wako sawa. Na nshamtumia nusu kwa M-Pesa kwa hivyo msianze kuniambia niende Mombasa, nimeuliza habari ya sumu tu.

Nesi_Mstaafu
Mamangu, cheti cha ukutani hata mimi nakuchapia. Baraza la madaktari lina sajili mtandaoni, unaandika jina la mtu unamuona. Dawa yenyewe anaiweka wapi, na amekuahidi nini?

MamaLulu_Mld
Haya. Harusi ya mtoto wa dadangu ni Ijumaa, mimi nafanywa Alhamisi. Asema nikiinuka kitini nishakuwa laini, yakaa miaka mitano, na sindano hiyo hiyo itanijaza midomo kidogo. Dawa anatembea nayo kwa mkoba maana hufuata wateja majumbani. Lakini jamani nimeona picha zake! Na wiki ya shughuli nani ana nafasi ya kupanda gari?

Nesi_Mstaafu
Basi hiyo si botoksi, sijui ni nini. Botoksi haijazi kitu, midomo hujazwa na filla, ni dawa nyengine kabisa. Botoksi huanza kuonekana baada ya siku kadhaa na hukamilika kama wiki mbili, ya Alhamisi haiwezi kukupendezesha Ijumaa hata apige nani. Huja unga kwenye kichupa, hukaa kwa friji, huchanganywa na maji ya chumvi, na miaka mitano haifiki. Wako watu wametiwa silikoni ya maji wakaambiwa botoksi, na ile kuitoa ni kazi. Hata iwe ya kweli, ikiteleza kope ikaanguka hakuna dawa ya kuirudisha, ungoje wiki kadhaa mpaka iishe. Na mimba? Unanyonyesha?

MamaLulu_Mld
Mimba sina. Lakini picha nimeziona Nesi.

Chapa_Ilale
Ngojeni kidogo. Akaunti imefunguliwa leo, saluni, "wengi amewafanya", hufuata wateja majumbani. Hili ni tangazo jamani. Sasa hivi yuwaja mwengine kusema yeye alifanywa akapendeza.

Totoo_Tamu
Naomba namba yake inboksi

Kadzo_wa_Muyeye
Si huyo kaja 😂😂😂

MamaLulu_Mld
Wallahi si tangazo! Nimefungua akaunti mpya sababu mawifi zangu wote wako humu.

Chapa_Ilale
Harusi mtaa gani?

MamaLulu_Mld
Sisemi.

Mwana_Mambrui
Ijumaa hii mimi najua mbili, ya Shella na ya Ngala. Ya Shella mama wa bi harusi hana ndugu wa kike.

Kadzo_wa_Muyeye
Subhanallah ya Ngala nimealikwa. Mama Lulu wewe ndo uliyegombana na fundi wa madera juzi?

Ustadh_Barani
Kusitiriana ni wajibu.

MamaLulu_Mld
Kadzo sikujui na hunijui. Nimempigia yule mwanamke nikamuuliza jina la dawa kwenye chupa, akakata simu, kisha akaleta meseji kwamba pesa hazirudi ila atanifanyia singo badala yake, ile ya kusuguliwa mwili mzima. Nesi, singo haina neno?

Nesi_Mstaafu
Singo nenda. Sindano akiitoa mkobani, inuka.

Chapa_Ilale
Tangazo la botoksi limegoma, sasa tunauziwa singo.