Mkunjo wa mbolea na viazi: wakuu, naombeni msaada

Mwana Uporoto: Habari za jioni wakuu. Niko Mbeya, namalizia tasnifu ya mavuno ya viazi mviringo. Vigezo ni vitatu: mbolea, mwinuko na mvua. Mstari mnyoofu haukai, maana mbolea ikizidi mavuno yanashuka. Nikaongeza mraba wa kila kigezo na mwingiliano wao, wawili wawili. R mraba (sehemu ya tofauti za mavuno ambayo modeli inaieleza) ni 0.91, lakini karibu kila p imepita 0.05, yaani sina ushahidi wa kutosha kwamba kigezo kina athari. Silali. Nifanyeje?

Mama Isyonje: Mwanangu, umepima udongo? Mwaka juzi nilimwaga Urea bila kupima, nikavuna majani.

Mtakwimu: Una mashamba mangapi?

Mwana Uporoto: Yanatosha mkuu.

Mtakwimu: Mangapi? Modeli yako inakadiria namba 10: ya kudumu 1, vigezo 3, miraba 3, mwingiliano 3.

Mwana Uporoto: 16. Ila msimamizi ameshaiona grafu na kaipenda, sura ya nne nimeshaichapa. Nataka tu p zishuke.

Mtakwimu: Namba 10 kwa mashamba 16, hiyo 0.91 lazima ipande tu. Halafu mwinuko wa mita 2000 na mraba wake vinapanda pamoja, modeli haivitofautishi. Kila namba ipunguze kwa wastani kwanza ndipo upige mraba. Bakiza mbolea, mraba wake na mwinuko. Mbolea imeanzia wapi na kuishia wapi?

Mwana Uporoto: Kilo 50 hadi 150 kwa ekari. Wawili wametumia 400.

Mkulima wa Rungwe: Chai hii! Mifuko 8 ekari moja, kwa bei ya mbolea ilivyo? Hao wakulima umewatunga.

Mama Isyonje: Kijana sema kweli, hapa hakuna wa kukuchapa.

Mwana Uporoto: Sijatunga. Ni mjomba wangu na jirani yake, wako Makete. Walinitajia kwa simu, nilikosa nauli ya kwenda.

Mtakwimu: Basi mkunjo wote umewaegemea hao wawili. Kati ya 150 na 400 huna shamba hata moja, kwa hiyo kilele cha grafu yako kimekaa mahali pasipo na data. Watoe, uendeshe upya.

Mwana Uporoto: Nimewatoa. Umenyooka kabisa. Ndaga fijo (asante sana) mkuu, kesho asubuhi naenda kwa msimamizi na grafu zote mbili.

Mama Isyonje: Na mjomba mpigie tena. Kama mifuko 8 ni kweli, anaunguza mizizi.