Tupeane uzoefu: Panadol, hesabu ya miligramu na makosa ya kaunta

Kaunta_Kayole

Wadau, humu kuna wauza dawa, wauguzi na watu wa maabara. Naomba tukusanye tunayoyajua kuhusu parasetamoli, dawa ya maumivu na joto ambayo Panadol ni jina lake moja la biashara. Masharti ni mawili: hakuna hadithi za "mimi nilipougua", na kila mmoja alete kiasi, saa na sababu.

Naanza na jina. Hapa Nairobi tembe yoyote nyeupe ya kichwa inaitwa Panadol, hata kama karatasi yake ina jina lingine kabisa. Mteja anaitisha "Panadol mbili za kumi kumi", anakatiwa mbili kutoka kwa karatasi ya tembe kumi, na mkato unapita katikati ya jina au tarehe ya kuharibika. Akifika nyumbani hana njia ya kujua amebeba nini. Ukikatiwa, itisha upande ulio na jina na miligramu, au piga picha karatasi nzima kabla haijarudishwa kwenye boksi.

Tembe ya kawaida ina miligramu 500. Mtu mzima wa kilo 50 kwenda juu anameza 1 au 2, anakaa saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, na ndani ya saa 24 hapiti tembe 8, yaani gramu 4. Nasema saa 24, sisemi siku. Aliyemeza mbili saa mbili asubuhi, mbili saa sita mchana, mbili saa kumi jioni, kisha mbili saa mbili usiku, ameshamaliza zake nane. Akiamka saa tisa usiku kichwa kikimgonga, bado hana ruhusa. Dirisha linafunguka saa mbili asubuhi.

Ile bahasha ndogo iliyoandikwa 2x3 ni tembe 6 kwa siku, gramu 3, na imebakisha nafasi kidogo. Kosa ni pale mtu anapoongeza ya nne, halafu ya tano, kwa sababu "ni Panadol tu".

Sista_wa_Wodi

Niongeze kuhusu uzito, maana huwa unasahaulika. Mtu mzima wa kilo 40, labda shosho aliyekonda au mgonjwa ambaye hajala wiki nzima, si wa kupewa mbili mbili. Hesabu miligramu 15 kwa kila kilo: 40 mara 15 ni 600. Hiyo ni tembe 1 kila mara, na kwa saa 24 zisipite 4. Kwa mwili kama huo hata kipimo kilichoandikwa kwenye boksi ni kikubwa.

Dawa_za_Jumla

Mimi naleta dawa za mchanganyiko. Hapa ndipo watu huzidisha bila kukusudia.

Panadol Extra ina parasetamoli miligramu 500 na kafeini 65. Sasa chukua mtu mwenye mafua, yale tunayoita homa. Asubuhi anameza Extra mbili. Mchana mwenzake kazini anampa tembe za mafua, na nyingi ya hizo zina parasetamoli ndani pamoja na dawa ya kufungua pua. Jioni anakoroga pakiti ya unga wa limau kwenye maji moto, na unga huo nao mara nyingi una parasetamoli, pengine miligramu 500 au zaidi kwa pakiti. Usiku mgongo unauma, anapewa tembe ya maumivu yenye kodeini au tramadoli iliyochanganywa na parasetamoli. Ukimuuliza amemeza Panadol ngapi leo, atakuambia mbili, na kwa akili yake hadanganyi.

Dawa yoyote ya maumivu, mafua au usingizi, igeuze usome nyuma. Tafuta paracetamol, acetaminophen au APAP. Zote tatu ni kitu kimoja. Wamarekani husema acetaminophen, na ndiyo maana Tylenol aliyotuma shangazi kutoka Marekani isimezwe juu ya Panadol. Ile ya Extra Strength ina miligramu 500 kwa tembe, ya saa nane ina 650, na PM imetiwa dawa ya usingizi.

Pia kuna tembe za miligramu 665 zinazoachia dawa polepole, watu wa maumivu ya viungo huandikiwa. Hizo mwisho ni 6 kwa saa 24, na hazivunjwi wala hazisagwi. Ukizisaga, dawa iliyopangwa kutoka kwa saa nyingi inatoka yote kwa mkupuo.

Mama_wa_Dukani

Na watoto je? Sisi huwaambia kijiko kimoja mara tatu, hakuna haja ya hesabu nyingi.

Kliniki_ya_Watoto

Mama, hapo kwenye kijiko kimoja tusimame kidogo. Kijiko kimoja cha dawa gani?

Mtoto wa kilo 10 anastahili miligramu 100 hadi 150 kila mara. Tuchukue 150. Dawa ya maji ya kawaida ina miligramu 120 kwa mililita 5, kwa hiyo atapewa mililita 6 na robo. Ile nzito ya 250 kwa mililita 5, mililita 3. Ya kutoka Marekani ya 160 kwa mililita 5, karibu mililita 4.7. Matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika kila mililita moja, mililita 1.5 pekee. Mtoto ni yuleyule, dawa ni ileile, chupa ni nne na mistari ya sirinji ni minne.

Sasa "kijiko kimoja" cha matone yale ni mililita 5, yaani miligramu 500, tembe nzima ya mtu mzima. Kwa mtoto wa kilo 6 ni zaidi ya miligramu 80 kwa kilo kwa mkupuo mmoja. Akirudishiwa mara ya pili siku hiyohiyo amefika kiwango cha kukimbizwa hospitali.

Kijiko chenyewe ni tatizo jingine. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, na anayejaza hadi pomoni anaongeza zaidi. Nunua sirinji ya mililita 5 bila sindano, bei yake ni ndogo, na umwoneshe mzazi mstari kwa kalamu. Atikise chupa vizuri kwanza. Dawa nyingi za aina hii hutua chini, kwa hiyo chupa isiyotikiswa hutoa dozi hafifu wiki hii na dozi kali ikikaribia kuisha. Sirinji ielekezwe shavuni kidogo kidogo, si kooni.

Uzito usikisiwe kwa umri. Uko kwenye kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na kama wa mwisho umepita miezi mitatu, pima upya. Rudia baada ya saa 4 hadi 6, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Dawa ya kuingizwa nyuma inahesabiwa pamoja na ya kunywa. Mtoto akitapika kabla ya nusu saa kwisha, dozi inaweza kurudiwa mara moja. Ikipita nusu saa, subiri zamu inayofuata.

Chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi haanziwi dawa nyumbani. Apelekwe aonwe. Na kabla ya chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 msiwape "ya kuzuia". Ngoja joto lije na mtoto asumbuke ndipo umpe.

Mama_wa_Dukani

Asante daktari. Ya 250 tunayo hapa, boksi lake linafanana kabisa na la 120. Naenda kuzitenganisha rafu.

Kliniki_ya_Watoto

Fanya hivyo mama. Na uandike 250 kwa wino mwekundu juu ya kifuniko, kwa sababu boksi hutupwa siku ya kwanza.

Nilisahau: tembe ya mtu mzima kuvunjwa robo na kusagwa kwenye uji ni kubahatisha. Robo haikatiki sawa, na mtoto akiacha nusu ya uji hujui amekunywa kiasi gani.

Maabara_Eastlands

Parasetamoli inashusha joto, haiui kimelea cha malaria. Nairobi yenyewe haina malaria nyingi, lakini watu wanatoka Busia, Kisumu na Kilifi kila wikendi. Mtu akipata joto ndani ya wiki moja hadi mwezi baada ya kurudi, apimwe damu. Kumeza Panadol kabla ya kipimo hakuharibu majibu. Kinachoharibika ni siku tatu za kungoja huku joto likishuka na kupanda. Likidumu zaidi ya siku 3, au likija na shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa au kutapika kila kitu, kaunta imefika mwisho wake.

Kwa wanaotoka Pwani kuna homa ya dengi pia. Hapo shika parasetamoli, uache aspirini, Brufen (ibuprofeni) na Diclo (diklofenaki) hadi uonwe, kwa sababu hizo tatu huongeza hatari ya kutoka damu. Na aspirini si ya mtoto mwenye joto, hata nusu.

Sista_wa_Wodi

Swali linalokuja kila mara: joto limetoka 39.5 hadi 38.4 tu, dawa imekataa? Haijakataa. Ipe saa nzima, na uangalie kama mtoto anakunywa na kucheza. Kufukuza 36.5 ndiko kunaleta dozi ya pili kabla ya wakati. Maji ya barafu na spiriti kwenye ngozi, hapana. Punguza nguo, mpe vinywaji.

Zamu_ya_Usiku

Wacha nizungumzie kuzidisha, kwa sababu watu wanangoja dalili, na dalili za parasetamoli huchelewa.

Ini hubadilisha sehemu ndogo ya dawa kuwa sumu, na mwili una akiba ya glutathioni ya kuizima. Dozi ikiwa ya kawaida akiba inatosha. Ikizidi, akiba inaisha na sumu inashambulia seli za ini lenyewe. Siku ya kwanza mtu anaweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie kitu, akarudi kazini. Siku ya pili maumivu yanaanza chini ya mbavu za kulia. Siku ya tatu na ya nne macho yanageuka manjano, fahamu zinayumba, na hapo kazi imekuwa ngumu sana.

Dawa ya kuokoa ipo, asetilisisteini. Ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza, inalinda ini karibu kabisa. Baadaye bado inasaidia, ila faida inapungua kila saa. Damu ya kupima kiwango huchukuliwa kuanzia saa ya 4, kwa hiyo familia isishangae ikiambiwa ingojee kidogo.

Mwenye kilo 60 akimeza gramu 9 kwa mara moja, tembe 18, huyo ni wa hospitali hata kama anacheka. Na anayepitisha tembe 8 kila siku kwa siku kadhaa, kwa sababu ya jino, naye ni wa hospitali. Hawa wa jino ndio husahaulika, kwa kuwa hakuna aliyekusudia kujidhuru. Ni mtu anayengoja mwisho wa mwezi apate pesa za kung'oa.

Maziwa hayazuii kitu. Msimtapishe kwa chumvi wala kwa kidole. Bebeni karatasi zote tupu, mwandike saa aliyomeza, mwende hospitali kubwa yenye maabara ya usiku, au mpige 999 au 112. Aliyemeza kwa makusudi asiachwe peke yake hata chooni, na asikaripiwe njiani. Akikaripiwa ataficha idadi, na idadi ndiyo daktari anaihitaji.

Boda_Msomi

Na wale wa kutoa loki, yaani uchovu wa pombe ya jana, Jumapili asubuhi?

Zamu_ya_Usiku

Bia mbili za jana na tembe mbili za leo kwa mtu mwenye afya si shida kubwa. Anayekunywa kila siku, tena bila kula, ni habari nyingine: pombe imemaliza akiba ya glutathioni na imefanya ini litengeneze sumu haraka zaidi. Huyo wengi humwambia asipite gramu 2 kwa siku, na kama ini lina ugonjwa aulize kwanza. Aliye kwenye dawa za TB, za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, au wafarini ya kuzuia damu kuganda, aulize pia kabla ya kumeza siku nyingi mfululizo.

Kaunta_Kayole

Kuna mteja anayerudi kila siku mbili kwa ajili ya kichwa. Parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko siku 10, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inaleta kichwa. Usimuuzie karatasi nyingine kimya kimya. Mpime presha, muulize macho, mtume kliniki.

Presha pia inahusu tembe za kuyeyuka kwenye maji. Nyingi zina sodiamu karibu miligramu 400 kila moja. Nane kwa siku ni zaidi ya gramu 3, na chumvi ya chakula bado hujahesabu.

Dawa_za_Jumla

Mjamzito: parasetamoli ndiyo ya kwanza kufikiriwa, dozi ndogo inayotosha, siku chache. Brufen na Diclo ziachwe, hasa kuanzia wiki ya 20. Na wale wanaotia tembe kwenye sufuria ya maharagwe au nyama ngumu ili iive haraka: mlaji hajui ametiwa ngapi, na pengine ameshameza zake. Loweka maharagwe usiku.

Boda_Msomi

Paka wangu anachechemea. Nimpe robo?

Kliniki_ya_Watoto

Usimpe hata kipande. Paka hana uwezo wa kuivunja dawa hii, na tembe moja inaweza kumuua. Ufizi ukigeuka rangi ya kahawia na uso ukavimba, ameshailamba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, na umwambie saa aliyoilamba.