Lakabu za foleni zinafunguliwa hovyo, halafu lawama anatupiwa mtu wa mtandao

Wakuu, hili limezidi. Mteja Kariakoo ameshakatwa hela, risiti haitoki, na chanzo ni developa aliyeandika anwani ya seva ya IBM MQ (mfumo wa kupitisha ujumbe kati ya programu), poti 1414 na jina la foleni halisi (mahali ujumbe unaposubiri kuchukuliwa) katikati ya msimbo wa Java. Seva ikihamishwa, programu nzima ijengwe upya! JNDI, njia ya Java ya kutafuta vitu hivyo kwa majina, ipo kwa kazi gani? Programu inatakiwa kujua majina mawili tu, la muunganisho na la foleni. Anwani, poti, chaneli na meneja wa foleni (programu ya seva inayoendesha foleni) vikae nje, kwenye usanidi.

Na wanaotumia lakabu, yaani jina la pili linaloelekeza kwenye foleni halisi, nao wanaharibu kivyao. Tazameni hii ya IBM MQ:

DEFINE QALIAS('malipo.ingia') TARGET('MALIPO.HALISI.01')

Hizo alama za nukuu si mapambo. Ukiziacha, MQSC, lugha ya amri za MQ, inageuza jina kuwa herufi kubwa: imezaliwa MALIPO.INGIA, programu inaita malipo.ingia, unakula kosa namba 2085, jina halijulikani.

Kinachoudhi zaidi, amri hiyo inapita hata kama foleni halisi haipo. Mtu haoni kosa, anaandika "tayari", anaondoka zake. Kosa linaibuka programu ikifungua foleni: 2082, foleni inayoelekezwa haijulikani. Ukielekeza lakabu kwenye lakabu nyingine ni 2001, aina ya foleni inayoelekezwa si sahihi. Hakuna kebo iliyokatika hapo, acheni kuwaamsha watu wa mtandao saa nane za usiku!

Ruhusa nazo. MQ inakagua jina lililofunguliwa na programu, yaani lakabu. Ukitoa ruhusa kwenye foleni halisi peke yake, jibu ni 2035, huna ruhusa. Halafu kuna wavivu wanaotoa ruhusa zote kila mahali ili yaishe. Lakabu mbili juu ya foleni moja, hii ya kuweka ujumbe tu, ile ya kuchukua tu: hiyo ndiyo faida yake kubwa, na mnaitupa.

Sasa hili la FORCE, neno la kulazimisha amri, mchana kweupe. Lakabu ikiwa imeshikwa na programu, amri ya ALTER ya kubadili TARGET (foleni inayoelekezwa) inakataliwa. Ile ni kinga, jamani. Ukilazimisha kwa FORCE, programu zilizoishika zinapata 2041 (kitu kimebadilishwa) kwenye wito unaofuata, na isiyojua kufunga na kufungua upya inalala hapo hapo. Tena ujumbe uliokwisha kuingia hauhami. Lakabu ni jina tu, haina tumbo. Malipo ya watu yanabaki foleni ya zamani, msomaji anachungulia mpya, kila mtu anasema "upande wetu uko sawa".

Utaratibu hauzidi dakika chache: simamisha waandikaji, acha wasomaji wamalize, kisha

DISPLAY QLOCAL('MALIPO.HALISI.01') CURDEPTH IPPROCS OPPROCS

Zote tatu (idadi ya ujumbe uliomo, walioifungua kusoma, walioifungua kuandika) zisome 0 ndipo uguse TARGET. CURDEPTH ikigoma kushuka huku wasomaji wamekaa kimya, tafuta muamala ambao haujathibitishwa. Ujumbe wake nao unahesabiwa.

Anayeendelea kubadilisha kwa FORCE saa za kazi aje hapa aeleze sababu.