Je, Ujuzi Unaotoka Nje Unapanua Pengo la Mishahara Uganda?

Mkazi wa Bombo: Wanauchumi Stolper na Samuelson walidai mwaka 1941 kwamba nchi yenye vibarua wengi ikifungua milango ya biashara, ujira wa vibarua hao hupanda. Hesabu yao ilichukulia kuwa teknolojia haibadiliki, ilhali kwetu bidhaa huja pamoja na mitambo, na anayeimudu mitambo hulipwa maradufu huku mpakiaji akibaki alipokuwa. Je, tuukaribishe ujuzi huo wa mitambo kutoka nje bila masharti, wakati walimu wa historia wanalalamika kila uchao?

Mwalimu wa Historia, Jinja: Ndugu, hatulalamiki kila uchao. Tuligoma Juni 2022, baada ya mwenzangu wa fizikia, mwenye shahada kama mimi, kutangaziwa kupandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, nami nikabakia na milioni moja na ushei. Chaki tunachukua katika boksi moja.

Fundi Mitambo, Kampala: Mwalimu, unalikwepa swali. Mwenye ujuzi wa sayansi anaweza kuajiriwa Nairobi au Dubai, kwa hiyo thamani yake inapangwa na soko la dunia, na ukimpunja ataondoka.

Mwalimu wa Historia, Jinja: Kwa hiyo mimi sina thamani? Hiyo Dubai yako haikumwongezea mwenzangu hata senti. Aliongezewa na hazina ya serikali, ambayo kodi yangu pia imo.

Mama Kahawa, Mukono: Mnabishana kana kwamba sote tuna mishahara. Watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, walipotoa miche ya kahawa ya robusta inayostahimili ugonjwa wa mnyauko, mwenye ekari nyingi alipanda, akavuna, akajenga. Kibarua anayemchumia bado analipwa kwa debe, tena baada ya kubembeleza. Ujuzi ulitolewa kwa kila mtu, ila ardhi ya kuupandia haikutolewa.

Mkazi wa Bombo: Mama amenena. Ndiyo maana nadai kima kipya cha chini cha mshahara, kwa kuwa kile cha mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na mswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 ulikosa saini ya Rais.

Fundi Mitambo, Kampala: Mkikiweka, wawekezaji wanaotuletea ujuzi huo watahama.

Mwalimu wa Historia, Jinja: Wahamie wapi, Kenya, ambako kima cha chini kipo miaka mingi? Na kuhusu zile milioni 4, Fundi, bado hujanijibu.