Mkono wangu wa kushoto unagombana na besi, nisaidieni

Wakuu, habari za usiku. Niko Tanga. Miaka sita nimepiga piano peke yangu kwenye hoteli moja ya Raskazone, jazi ya taratibu watu wakila. Mwezi huu ameletwa mpiga besi na mpiga dramu. Nikajua nitapumzika, kumbe ndiyo kwanza shida: chini kunajaa, wimbo unakuwa uji. Jana mpiga besi kaniambia, "Kaka, unanikanyaga." Imeniuma, maana ni kweli. Nifanyeje?

Besi_Ngamiani: Pole mkuu. Ulipokuwa peke yako, kushoto kwako ndiko kulikuwa besi na ngoma. Mwenye kazi kaja, mpishe. Pale ulipozoea kushika noti C-E-G-B, iache C, hiyo ni ya besi, shika E na B tu, katikati ya kinanda. Msikilize mpiga piano Bill Evans na trio yake (bendi ya watu watatu) walivyorekodiwa klabu ya Village Vanguard, New York, tarehe 25 Juni 1961. Mpiga besi wake, Scott LaFaro, hatunzi mwendo tu, besi yake inajibizana na piano, na inasikika kwa sababu Evans kamwachia chini kote. Siku 11 baadaye LaFaro akafa kwa ajali ya gari, ana miaka 25. Mimi ile rekodi siwezi kuisikiliza huku nafanya kazi nyingine.

Babu_Chumbageni: Mwanangu, sisi wa Tanga ukitaja jazi tunakumbuka bendi zetu, Atomic na Jamhuri. Magitaa matatu manne, na kila moja lina njia yake. Lakini upigaji wako wa peke yako usiutupe. Mtafute mpiga piano Abdullah Ibrahim wa Cape Town, albamu yake "African Piano", alipiga peke yake Copenhagen mwaka 1969. Wimbo unaoifungua ni "Bra Joe from Kilimanjaro": kushoto kunazunguka palepale kama ngoma, kulia kunasimulia. Waombe wenzako wakuachie wimbo mmoja kila usiku, upige hivyo.

Mwanzisha uzi: Shikamoo babu, ahsanteni sana. Leo mchana ukumbi ukiwa mtupu nimeweka mkono wa kushoto pajani, baa nane nzima za wimbo. Nimesikia hadi kidole cha jamaa kikiteleza kwenye uzi mnene wa besi. Mwezi mzima sikuwahi kuusikia mlio ule! Sasa yeye akipiga solo, niendelee na E na B au ninyamaze kabisa?

Besi_Ngamiani: Gusa kodi moja (hizo noti zako kwa pamoja) kila anapoanza mzunguko wa wimbo, basi. Halafu muulize mwenyewe, wengine tunapenda kuachwa na dramu tu.