Malalamiko: Ni lini mng'ao wa 3D ulifanywa kipimo cha filamu nzuri ya katuni?

Ndugu wanajamvi,

Mimi ni mwanafunzi wa uhuishaji, yaani utengenezaji wa filamu za katuni, katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam, na sitakitaja kwa jina kwa sababu ninachokilalamikia kimeenea mbali kuliko chuo kimoja. Nalalamikia mazoea niliyoyakuta darasani, kwa wateja wanaotupa kazi za matangazo, na hata humu jamvini, ya kuipima filamu ya katuni kwa maswali yale yale: je, inang'aa kama zile za kampuni kubwa za Marekani? Nywele zinaonekana unywele mmoja mmoja? Maji yanameremeta? Jibu likiwa hapana, kazi hiyo inaitwa "haijakamilika", hata kama kila kilichomo kimewekwa kwa makusudi.

Muhula uliopita niliwasilisha filamu fupi ya vivuli. Hadithi yake inasimuliwa na bibi kwa wajukuu usiku ambao umeme umekatika, kwa hiyo nilimkata kila mhusika katika karatasi nyeusi, nikamlaza juu ya kioo chenye taa chini yake na kupiga picha fremu baada ya fremu, yaani picha moja moja zinazounganishwa kuwa filamu, ili mtazamaji aone kile ambacho watoto wale wangekiona ukutani kwa mwanga wa kibatari. Maoni niliyorudishiwa yalikuwa mafupi: wahusika hawana nyuso, irudiwe kwa 3D, yaani kwa maumbo yenye kina yanayotengenezwa kwa kompyuta. Hakuna aliyeuliza kama hadithi inaeleweka, kama mwendo wa bibi una uzito wa mwili wa mzee, wala kama muda wa kila tukio umepangwa sawasawa, ingawa hayo ndiyo tunayofundishwa tangu mwaka wa kwanza kuwa msingi wa fani hii.

Njia hiyo ina historia ndefu na yenye heshima. Lotte Reiniger aliitumia nchini Ujerumani katika filamu yake ya mwaka 1926 kuhusu mwanamfalme Achmed, ambayo ndiyo filamu ndefu ya uhuishaji ya kale kuliko zote zilizosalia hadi leo, na ilitangulia Snow White ya Disney kwa miaka 11. Wahusika wake walikatwa kwa mkasi na viungo vyao vikafungwa kwa waya. Hawana nyuso za kucheka wala kulia, lakini wivu, hofu na mapenzi yao vinasomeka katika shingo inayoinama na kidole kinachonyooka.

Mfano unaoniuma zaidi, kwa kuwa ndio ninaoupenda kuliko yote, ni filamu ya Isao Takahata ya mwaka 2013 kuhusu binti mfalme Kaguya, iliyotengenezwa na Studio Ghibli. Kwa sehemu kubwa picha zake ni mistari myepesi kama ya mkaa na rangi za maji ambazo haziijazi fremu. Pembeni pameachwa peupe, na jicho la mtazamaji linaachiwa kazi ya kumalizia. Halafu inafika sehemu ambapo Kaguya anawasikia wageni walevi wakimdhihaki katika sherehe yake mwenyewe, naye anatoka mbio. Hapo mistari inachachamaa. Inakuwa minene, inakwaruza, inapishana. Mavazi yanamvuka moja baada ya jingine, na mwili wake unageuka mchirizi mweusi unaokata mji na pori. Hasira ya binti yule imo katika mkono wa aliyechora, na ninaamini hakuna uso wa kompyuta, hata ukiwa na misuli mingapi, ungeweza kuibeba namna ile. Sehemu hiyo ikipelekwa kwa wasahihishaji wetu bila jina la Takahata, wataandika kwamba mistari haijasafishwa. Ukiisafisha, umeiua.

Hata huko Marekani, ambako tunadhani mng'ao ni sheria, walio makini wameuacha. Filamu ya Spider-Man ya mwaka 2018, ile ya kijana Miles, ilitengenezwa kwa kompyuta, lakini watengenezaji wake waliuondoa ukungu ambao kwa kawaida huongezwa kwenye kitu kinachokwenda kasi, wakaweka nukta na mistari ya vitabu vya katuni vilivyochapwa. Kuna sehemu ya msituni ambapo Miles, ambaye bado hajaumudu uwezo wake, amepewa mikao 12 tu katika fremu 24 za kila sekunde, huku Peter mzoefu anayeruka karibu naye akipewa mkao mpya katika zote 24, hivyo jicho linahisi ugeni wa kijana kabla akili haijatambua sababu. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar.

Najua nitajibiwa kwamba chuo kinatuandaa kwa soko na soko linataka 3D. Basi tupige hesabu. Kwa fremu 24 za kila sekunde, dakika moja ya filamu ina fremu 1,440. Kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi ikitumia dakika 10 kurenda, yaani kukokotoa picha kamili ya, fremu moja yenye nywele, vivuli na mwanga unaoakisiwa, dakika hiyo moja itadai saa 240, yaani siku 10 usiku na mchana, umeme usikatike hata mara moja. Kwa hiyo mwanafunzi anaanza kupunguza: anafupisha hadithi, anaacha kurekebisha mwendo, anachukua mtandaoni wahusika waliokwisha kutengenezwa na wengine. Ndiyo maana maonyesho yetu ya mwisho wa mwaka yamejaa wahusika wanaofanana kama mapacha, waliokakamaa mabega, wanaozungumza bila kupepesa macho, na bado wanapata alama za juu kwa sababu ngozi zao zinang'aa.

Sina ugomvi na 3D yenyewe. Gints Zilbalodis wa Latvia alitengeneza filamu yake ya paka, Flow, kwa Blender, programu ya bure ambayo sote tunayo, na mwaka 2025 ikashinda Oscar. Manyoya ya paka yule ni mabaka ya rangi, kama yaliyopakwa kwa brashi. Hakuna mtazamaji aliyehitaji kuhesabu manyoya yake ndipo amhurumie.

Linalonikasirisha kupita yote liko hapa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao nyembamba. Utazame mtindo wake kwa jicho la mhuishaji: umbo la kila mnyama linatambulika mara moja, mandhari ya nyuma ni rangi bapa, hakuna vivuli vya kukokotoa, na madoadoa yanaufuata mviringo wa mwili. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza waliuona mtindo huo ukitembea na kuzungumza katika televisheni ya BBC, katika katuni za Tinga Tinga Tales zilizotengenezwa na wasanii wa Nairobi kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza. Sisi tunaosoma mwendo wa daladala kutoka Oysterbay, ambako wachoraji wa Tingatinga wana ushirika wao, hatujapewa hata zoezi moja la kumfanya mnyama mmoja wa Tingatinga apige hatua.

Ninachodai kinawezekana muhula huu huu. Kipengele cha ubora wa kurenda, ambacho sasa kina alama nyingi kuliko hadithi na mwendo, kiwahusu waliochagua 3D peke yao. Kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini hadithi yake inahitaji mtindo aliouchagua, kisha apimwe kama filamu imetimiza maelezo hayo, na akishindwa afelishwe kwa haki. Wahadhiri na wenye studio mliomo humu, naomba mnijibu kwa hoja. Nanyi wanafunzi wenzangu wa vyuo vingine, wa Nairobi, Kampala na Kigali mkiwemo, wekeni hapa miongozo yenu ya usahihishaji, tuone ni alama ngapi zimetengwa kwa mtindo na ni ngapi zimetengwa kwa mng'ao.