Michembe au matobolwa: tuhifadhi vipi viazi vitamu vya msimu huu?

Mkulima wa Urambo
Ndugu zangu, nimeanza kuchimba viazi vya ekari moja, na kwa kuwa kiazi kikishatoka ardhini hakichelewi kuoza au kuingiwa na fukusi, sina budi kuvikausha kiangazi hiki. Mama mkwe anasisitiza michembe, ilhali mke wangu anataka matobolwa kwa ajili ya kuuza. Naomba mnilinganishie, hasa kwa upande wa kuni na kudumu ghalani.

Mama Nzega
Mwanangu, kazi zenyewe hazifanani. Kwa michembe, viazi huachwa vinyauke siku chache, humenywa, hukatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi, kisha huanikwa juani bila kuwasha moto. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakatwe na kuanikwa. Kuni hizo zihesabu, kwa sababu misitu yetu ya miombo tayari imeelemewa na mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Kwa viazi vingi kama vyako, mimi ningetengeneza michembe.

Kijana wa Tabora Mjini
Shikamoo Mama. Kuhusu kuni nakubaliana nawe, lakini matobolwa yameshaiva: mtu huyatafuna papo hapo kwa chai au karanga, na mtoto huyatia mfukoni akienda shule, wakati michembe ni lazima irudi chunguni. Leo asubuhi nimekata tobolwa moja, ndani lina rangi ya asali na linavutika kidogo kabla ya kukatika. Kiazi kinapochemshwa, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari, na utamu huo ndio mteja anaoulipia.

Mama Nzega
Marahaba, baba. Utamu siukatai. Asiuze yote tu, kwa maana michembe iliyopikwa kwa karanga za kutwanga hushibisha nyumba nzima wakati wa masika, ghala la mahindi linapokaribia kwisha.

Bwana Shamba Mstaafu, Kasulu
Kuhusu kudumu, tazameni unene wa kipande. Mchembe uliokauka sawasawa ukiukunja huvunjika kwa mlio. Ukipinda, urudishe juani. Tobolwa nene huweza kukauka nje huku kiini kikibaki na unyevu, na hapo ndipo ukungu huanzia. Jambo la pili ni rangi. Viazi vya rangi ya chungwa vina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini jua kali na kukaa ghalani muda mrefu huipunguza. Hivyo ni afadhali viliwe vikiwa vipya, au vianikwe kivulini penye upepo.

Mkulima wa Urambo
Nashukuru sana. Vyangu vingi ni vyeupe, kwa hiyo kesho naanza kuvinyausha kwa michembe. Debe mbili tatu nitamwachia mke wangu ajaribu matobolwa sokoni, na vile vichache vya rangi ya chungwa tutawachemshia watoto sasa hivi. Mama, karanga hutiwa mwanzoni?

Mama Nzega
Hapana, mwanangu. Subiri michembe ilainike kwanza, ndipo utie karanga na chumvi, kisha upunguze moto.